Shangazi, Fizikia Ina Hela?

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai 2025. Binti wa kaka yangu alipata divisheni wani ya pointi 7 kwenye PCM: Fizikia B, Kemia C, Hisabati B. Usiku ule alinipigia akilia kwa furaha, nikamwacha alie, nami nikalia naye. Siku ya tatu akapiga tena. Jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaokwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa hiyo alikuwa nyumbani Korogwe, na nilijua kwamba siku tatu za kukaa na wakubwa sebuleni zilikuwa zimeshaanza kuipunguza ile furaha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Habari za huko?"

"Nzuri. Shangazi, nikuulize kitu, usinifiche. Fizikia ina hela?"

Nimefundisha Fizikia kwa miaka kumi mkoani Singida. Nimeulizwa kwa nini mbingu ni ya bluu, kwa nini simu hupata moto ikichajiwa, na kama ni kweli kwamba radi hutumwa na mtu. Swali la hela hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza uso kwa uso, ingawa najua linawakaa moyoni, kwa sababu wananiona nikishuka kwenye bodaboda na kiatu kilekile muhula mzima. Sikutaka kumjibu kwa simu. Nikamtumia nauli, nikamwambia apande basi aje.

Alipofika, akala, akalala, asubuhi nikatoa faili. Mimi hutunza slipu zangu za mshahara tangu zama zile tulipokuwa tukizifuata halmashauri, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi nyembamba. Nikazipanga mezani kwa miaka. Nilitaka aone kwa macho yake shahada ya Fizikia inavyoonekana ikigeuzwa kuwa namba, maana mimi nilipokuwa na umri wake hakuna aliyenionyesha. Niliambiwa tu, "Soma, serikali inakopesha."

Na ilikopesha kweli. Nilianza chuo Oktoba 2011, Shahada ya Sayansi na Ualimu, masomo yangu Fizikia na Hisabati. Mwaka ule bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, ilikuwa 7,500 kwa siku. Sasa ni 10,000. Ukijumlisha ada, bumu, fedha za vitabu na za mafunzo kwa vitendo, kwa miaka mitatu nilikopa shilingi 10,200,000. Bila Bodi ya Mikopo nisingesoma, na hilo nalisema kabla sijasema lolote jingine. Baba yangu alikuwa kibarua wa mkonge. Milioni moja hakuwahi kuishika mara moja maishani mwake.

Nilipangiwa kituo 2015. Kufikia 2016, mshahara wa kuanzia wa mwalimu mwenye shahada, TGTS D kwa lugha ya slipu, ulikuwa 716,000. Makato ya mkopo yalikuwa asilimia 8, yaani 57,280 kila mwezi. Nikaona ni jambo dogo. Nililolijua baadaye, usiku mmoja nikiwa na kikokotoo, ni kwamba siku zile deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha. Asilimia 6 ya milioni 10.2 ni 612,000. Mimi kwa mwaka nilikuwa nakatwa 687,360. Katika kila shilingi mia iliyotoka kwenye mshahara wangu, karibu tisini zilikwenda kuzima ongezeko, na kumi tu ndizo zilizogusa mkopo wenyewe.

Binti yangu huyu amesoma hesabu za mabadiliko, akaelewa kabla sijamaliza. "Kwa hiyo shangazi, ungelipa mpaka lini?"

Nikamwonyesha slipu ya 2017. Sheria ilikuwa imerekebishwa mwaka uliotangulia na makato yakapanda hadi asilimia 15. Kutoka 57,280 hadi 107,400. Ukitoa kodi, pensheni, bima ya afya na ada ya chama cha walimu, mkononi nilikuwa nabaki na karibu laki tano. Sasa nikabaki na karibu laki nne na nusu. Pengo lilikuwa 50,120. Kumbukeni hiyo namba, kwa sababu elfu hamsini ndiyo niliyokuwa nikimtumia mama kila mwezi. Hakuna aliyeniambia nisimtumie tena. Ni hesabu tu ilikataa. Kuna miezi nilituma ishirini, kuna miezi nilipiga simu bila kutuma kitu, naye akanijibu, "Sauti yako inatosha, mwanangu." Mama ndiye aliyekuwa mdhamini wangu kwenye fomu ya mkopo. Aliweka dole gumba mbele ya mtendaji wa kijiji akiwa amevaa kanga yake mpya, kana kwamba anakwenda harusini.

Hata hivyo, kwa uchungu wake wote, ile asilimia 15 ndiyo iliyoanza kulisogeza deni. Nilimweleza binti jambo hili polepole kwa sababu ni gumu kulikubali: makato madogo yalinipa nafuu ya mwezi huku yakininyima mwisho. Halafu Mei Mosi ya 2021, kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufutwa kwa ile tozo ya asilimia 6, na kuanzia Julai mwaka huo deni likawa halizai tena. Mwaka uleule nikapanda daraja, makato yakapanda nayo, na katikati ya 2025 nikafungua slipu kwenye simu nikakuta ule mstari haupo. Niliitazama mara tatu. Nilikopa milioni kumi na laki mbili, nikarudisha karibu milioni kumi na tatu, kwa miaka tisa na ushei.

"Sasa tupige ya kwako," nikamwambia.

Tukachukua daftari. Kwa bumu la 10,000 kwa siku, ada ya kozi za sayansi na fedha za vitabu, tukakadiria milioni nne kwa mwaka. Shahada ya miaka mitatu ni milioni 12, ya uhandisi ya miaka minne ni milioni 16. Tukachukulia mwalimu au mtaalamu anayeanza na laki nane: asilimia 15 ni 120,000, atalipa miezi mia moja, miaka minane na miezi minne. Mhandisi mwenye milioni na laki mbili atakatwa 180,000, atamaliza deni lake kubwa zaidi kwa miezi themanini na tisa. Aliyekopa zaidi anamaliza mapema. Binti akaacha kalamu akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo natamani kila mzazi mwenye mtoto wa PCM alijue. Kwa mfumo wetu ulivyo sasa, ukubwa wa deni si wa kumkosesha mtu usingizi. Halina riba inayozaliana. Linakatwa kama sehemu ya mshahara, kwa hiyo mwenye kidogo anakatwa kidogo. Mfumuko wa bei, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa kwenye asilimia 3 hivi, unaifanya shilingi utakayorudisha baada ya miaka minane iwe nyepesi kuliko ile uliyopewa. Ukiniuliza mimi, huu ndio mkopo wenye masharti mepesi kuliko wowote atakaowahi kupewa mtoto wa maskini nchini mwetu. Anayemwambia binti asisome Fizikia kwa kuogopa milioni 12 anaogopa kitu kisicho chake.

Cha kuogopa ni miaka mitupu. Sheria inakupa miezi ishirini na minne baada ya kumaliza chuo, kisha inakutegemea uanze kulipa, uwe na mwajiri au huna. Aliyejiajiri anatakiwa alipe angalau laki moja kwa mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake ikiwa ni zaidi ya hapo. Laki moja kwa mtu anayefundisha tuisheni chini ya mwembe ni nzito kuliko 107,400 kwa mtu mwenye mshahara. Swali lake la simu lilikuwa na sehemu ya pili ambayo hakuijua: Fizikia ina hela baada ya miaka mingapi ya kusubiri, na wakati unasubiri unakula kwa nani?

Juu ya hili nina ushahidi wa pande zote. Mwaka 2016 ajira za serikali zilisimama kupisha uhakiki wa watumishi. Zilipofunguliwa kwa walimu 2017, waliochukuliwa ni wa Sayansi na Hisabati. Rafiki zangu wa Historia na Kiswahili, wengine walionizidi akili darasani, waliendelea kubaki mtaani. Kwa miaka ile Fizikia ilikuwa kama mwavuli. Sitaki kumdanganya mtu kwamba mwavuli bado ni mpana vilevile. Shuleni kwetu tuna kijana aliyehitimu Fizikia na Hisabati 2021. Anajitolea. Wazazi wanamchangia posho inayotosha chumba na unga. Kila nafasi zikitangazwa anaingia kwenye mfumo wa maombi na matumaini yaleyale, na kila mara anarudi kuja kuomba chaki. Ni mwalimu mzuri kuliko nilivyokuwa mimi kwa umri wake. Nilimwita aje azungumze na binti, wakakaa barazani saa nzima. Sikwenda kusikiliza.

Niongeze na hili, kwa sababu kaka yangu amelirudia sana. Kaka ana gereji ndogo pale Korogwe, na mtoto wa jirani yake amesoma uhasibu, ana kazi, ana gari. "Mwalimu," huniita hivyo tangu nilipoajiriwa, "kwa nini asisome kitu kinacholipa sasa hivi?" Swali la haki. Lakini nakumbuka bweni letu la mwaka 2012. Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini huko Mtwara na Lindi, magazeti yalikuwa yameandika gesi kila ukurasa, na wasichana wa PCM waliokuwa nyuma yetu wakamiminika kwenye kozi za mafuta na gesi. Waliambiwa watagombaniwa na makampuni. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kilichotarajiwa Lindi hadi leo hakijajengwa. Ninaowajua mimi, mmoja anauza vipodozi Mbagala na mwingine alirudi kusomea ualimu. Kozi inayolipa leo utaimaliza baada ya miaka minne, na hakuna anayekuahidi kwamba soko litakusubiri limesimama palepale. Uhasibu ni kazi njema. Ila binti huyu hesabu za vitabu vya fedha humchosha tangu kidato cha pili, na mtu aliyechoka hawezi kushindana na maelfu walioipenda.

Jioni ya siku ya pili ndipo aliponiambia alichokuwa nacho moyoni. Mwaka 2022 mama yangu, bibi yake, aliugua saratani akatibiwa Ocean Road, Dar es Salaam. Binti alikuwa likizo, akawa ndiye wa kumsindikiza kwenye mionzi. Siku moja akamuuliza mtu aliyekuwa akiingia na kutoka chumba cha mitambo kama yeye ni daktari. Akajibiwa hapana, mimi ni mwanafizikia, kazi yangu ni kupiga hesabu ya mionzi ili iingie kwenye uvimbe na isiunguze pembeni.

"Shangazi, sikujua Fizikia inaweza kukaa karibu na bibi namna ile."

Nilinyamaza. Mama alituacha 2023. Nimefundisha mada ya mionzi na nusuuhai, yaani muda wa mionzi kupungua hadi nusu, mara nyingi ubaoni, nikichora mkunjo unaoshuka, na sijawahi hata siku moja kuwaambia watoto kwamba ule mkunjo una mtu kitandani upande wa pili.

Baada ya hapo mazungumzo yetu yalibadilika, yakawa ya njia. Tukachukua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, tukasoma kozi moja moja. Njia ya fizikia ya tiba haianzi na kozi yenye jina hilo; huanza na shahada ya kwanza yenye Fizikia nzito, kisha shahada ya uzamili na mafunzo hospitalini. Ni njia ndefu, na nafasi ni chache kwa sababu hospitali zenye tiba ya mionzi nchini zinahesabika kwa vidole: Ocean Road, Bugando, na nyingine chache. Lakini ina milango ya ufadhili ambayo kozi nyingi hazina. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hufadhili mafunzo ya watu wa fani hii kutoka nchi kama yetu. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, ICTP, kilichoko Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya uzamili kwa ajili ya vijana wa nchi zinazoendelea, na Kigali kuna taasisi dada yake. Hapa nyumbani, kuna Tume ya Nguvu za Atomiki, na Mamlaka ya Hali ya Hewa huajiri watu wa Fizikia na hali ya hewa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayeajiri mamia. Nilimwambia hivyo bila kupamba.

Tatizo likawa: Fizikia tupu au Fizikia na Ualimu? Kwa miaka mingi miongozo ya mikopo imeuweka ualimu wa sayansi kwenye kundi la kipaumbele cha kwanza, na hilo si dogo kwa mtoto wa fundi gereji. Shahada yangu ya ualimu ilinipa mshahara mapema. Lakini robo na zaidi ya masomo yangu yalikuwa ya malezi, saikolojia na mbinu za kufundishia, na nilipotaka kuomba uzamili wa Fizikia 2019 niliona mapengo yangu: mekanika ya kwanta nilikuwa nimeionja tu, fizikia ya nyuklia nayo hivyohivyo. Sikuomba. Mwenye Fizikia tupu akikwama, anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu kwa mwaka mmoja akaingia darasani. Mwenye ualimu akitaka kwenda kwenye Fizikia ya ndani, mlima ni mkali zaidi. Mlango wa ualimu unafunguka kutoka pande zote mbili, ule mwingine unafunguka upande mmoja.

Kwa hiyo nilimshauri Fizikia tupu, huku nikijua naweza kuwa nimekosea. Nikamwambia pia sharti langu: kuanzia mwaka wa kwanza ajifunze programu za kompyuta kwa bidii ileile anayosomea mitihani, kwa sababu miaka mitupu ikija, mwanafizikia anayejua kuandika programu na kuchambua takwimu hupata cha kula benki, kwenye kampuni za simu, kwenye bima. Na nikamwambia kwamba ikifika miezi ishirini na minne hana kazi, ile laki moja ya mwezi tutasaidiana. Sasa slipu yangu ina nafasi.

Kaka nilimpigia usiku. Tulizungumza muda mrefu. Hakukasirika, aliogopa tu, na hofu yake naielewa kwa sababu ni ya baba. "Mwalimu, akikosa kazi?" aliniuliza mara tatu kwa maneno matatu tofauti. Sikuwa na jibu la kumtuliza, nikamwambia ukweli kwamba hata mhasibu hukosa. Mwishowe akasema, "Basi aende. Ila mimi saini za mikopo naziogopa, nimeona watu wakitafutwa."

Maombi tulijaza pamoja kwenye mtandao. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa kimeshahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Chaguo la kwanza Fizikia, la pili Hali ya Hewa, la tatu Fizikia na Ualimu. Tukachapa fomu ya mkopo dukani kwa kijana wa stesheneri, tukaipeleka kwa mtendaji wa kijiji akagonga muhuri, tukarudi nayo nyumbani kukamilisha ukurasa wa mdhamini. Nilikuwa nimepiga picha ya pasipoti asubuhi ile, nikaibandika kwa gundi na kuibonyeza kwa kidole hadi ikashika. Nikaandika jina langu, namba ya kitambulisho cha taifa, kazi: mwalimu. Mahali pa uhusiano na mwombaji nikaandika shangazi.